Pua ya Swala na Sabuni ya Mwalimu

Majuma mawili yamepita tangu mwanafunzi mmoja wa darasa letu abaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka, akawa anafuta ubao ambao ulikuwa umekwisha kufutwa. Tukajua ana neno. Tulipomwuliza, alisema:

«Mwalimu, Jumamosi tulikwenda porini na kaka yangu. Tuliwaona tohe watatu mbugani, mbali. Tulitambaa kwa magoti mpaka suruali zikatoboka. Hatukukohoa, wala hatukuvunja kijiti. Nao hawakutuona, maana walikuwa wametupa kisogo. Mara mmoja aliinua kichwa, akapiga mluzi, wote wakatoweka. Tumekosa nini?»

Tulimwuliza upepo ulikuwa ukivuma kutoka wapi. Alitutazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Upepo hakuuangalia. Kisha aliongeza neno, nalo ndilo lililotushikisha kalamu leo: «Kaka amesema hatutakwenda tena kwa mishale. Amenunua sokoni waya za breki za baiskeli, atatega. Amesema waya haina harufu.»

Neno hilo lilikaa moyoni mwetu siku tatu. Kijana yule mkubwa si mwovu. Baba yao amekwenda kutafuta kazi Kolwezi, naye ndiye mwenye kuilisha nyumba. Na mtu anayerudi mikono mitupu mara nne mfululizo, kisha akaona jirani akirudi na nyama aliyonasa usingizini, hushawishika upesi. Tena kwa sehemu amesema kweli. Waya haina harufu ya kumkimbiza tohe. Basi leo tuzungumze juu ya harufu ya mtu, na pua ya swala, na upepo ulio katikati yao. Mwishoni tutairudia ile waya.

Lakini yatupasa kwanza kuungama kosa letu wenyewe.

Mwaka 2014, tulipokuwa tumekwisha acha seminari na kuanza kazi ya kufundisha, mjomba wetu alituita kijijini kwake, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli kutoka Kamina. Alikuwa akingoja wageni. Wakwe zake walikuwa wanakuja Jumapili kumaliza jambo la mahari lililokuwa limekawia miaka mingi, naye alikuwa amewaahidi nyama ya porini, si kuku. Mjomba alikuwa na gobori moja ya baruti na kibali chake, kilichokunjwa ndani ya karatasi ya nailoni asije akakilowesha kwa jasho. Alisema: «Mwipwa wangu, umesoma vitabu vingi. Kesho twende nawe ukasome pori kidogo.»

Kesho yake alfajiri sisi tulikoga kwa sabuni ya kunukia tuliyoinunua dukani mjini. Tukapaka mafuta nywele. Tukavaa shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga yenye harufu ya maua, likapigwa pasi. Tulidhani usafi ni heshima kwa mzee. Mjomba alitunusa, akacheka: «Unakwenda kuoa?» Walakini hakuturudisha nyumbani. Tulikuwa mgeni wake na tena mwalimu, naye aliona haya kutuambia tuvue shati. Heshima ile ndiyo iliyomponza.

Tulitembea mpaka jioni. Jua lilipokuwa linaelekea kutua tulimwona pongo dume, yule tumwitaye kwa Kiluba ngulungu, akitoka katika kichaka kilicho kando ya kijito. Mjomba alituashiria tukae chini ya mti, yeye akaenda mbele peke yake, akiinama, hatua moja, kisha kimya, hatua nyingine, kisha kimya. Alibakiza kama hatua arobaini. Hapo tulisikia ubaridi kidogo kisogoni, kama mtu aliyetupulizia. Pongo alibweka kama mbwa, mara moja tu, na kichaka kikamficha.

Mjomba hakugeuka upesi. Alisimama kitambo, kisha alirudi, akatoa mfukoni kipande cha soksi kuukuu kilichojazwa majivu, akakitikisa mbele ya kifua chetu. Wingu dogo jeupe lilitoka, likashuka polepole bondeni, likapita juu ya majani, likaenda moja kwa moja mpaka mahali pale alipokuwa amesimama pongo. Hakusema neno lolote. Alitutazamisha tu.

Jumapili wakwe walikula bukari kwa sombe na samaki wakavu wa Bukama. Mjomba aliwaambia kwamba wanyama wamekuwa adimu siku hizi. Hakututaja. Sisi tulikaa pale tukila, na sabuni yetu ikaturudia puani kila tulipoinua mkono.

Usiku ule tulimwomba atufundishe. Na haya tunayoyaandika ni mchanganyiko wa mafundisho yake na mambo tuliyosoma baadaye. Kwa sehemu kubwa yamepatana.

Mtu hujidhani hana harufu, kwa sababu ameizoea yake. Jasho litokapo mwilini halinuki sana. Lakini juu ya ngozi yetu wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hao hula jasho, hasa lile la kwapani, na mabaki ya karamu yao ndiyo yanayonuka. Tena ngozi hupukutika daima kama gome la mti, vipande vidogo kuliko vumbi, navyo huchukuliwa na hewa. Kwa hiyo mtu aliyeketi kimya chini ya mti, asiyetikisa hata kidole, bado anatoka mahali pale na kwenda zake bila miguu. Ukitaka kujua jinsi inavyokwenda, tazama moshi wa jiko la jirani asubuhi: mahali pengine hunyooka kama uzi, mahali pengine hutawanyika, penye ukuta huzunguka na kurudi ulikotoka. Harufu yako hufanya hivyo hivyo, ila huioni.

Na huyo anayeipokea ana pua ya namna gani? Mwaka 2014, mwaka ule ule wa aibu yetu, watafiti wa Japani walitoa hesabu ya chembe za urithi zinazohusika na vipokezi vya harufu katika wanyama mbalimbali. Mtu alionekana anazo karibu 400. Mbwa karibu 800. Ng'ombe zaidi ya 1,000. Tembo karibu 2,000. Hesabu hii si kipimo chote cha pua, lakini inafikirisha. Swala wote ni jamaa ya ng'ombe katika ukoo wa wanyama. Sisi tumezoea kumsifu mbwa kwa kunusa, na huyu mla majani mpole, ambaye hatujapata kumsifu, amemzidi kwa hesabu hiyo. Pua ya swala ina majimaji daima, nayo harufu hunaswa vema penye unyevu. Ndiyo maana asubuhi yenye umande harufu ya mtu hudumu chini karibu na majani, na adhuhuri ya jua kali hupanda na kupotea upesi zaidi.

Mjomba hakujua hesabu za Japani. Alisema hivi: «Swala akikuona, atasimama akutazame tena, maana macho yake humdanganya. Akikusikia, atatega sikio angoje sauti ya pili. Akikunusa, hangoji.» Sisi tumeona kwamba ni kweli. Mtu akiganda kama kisiki, tohe aweza kumtazama dakika nyingi na kisha kurudi kula. Lakini pumzi moja ya upepo ikimfikia, hakuna tena mazungumzo.

Basi sanaa yote ya kumkaribia ni sanaa ya upepo, na mambo mengine yote ni watumishi wake. Hapa kwetu, kuanzia Mei hata Agosti, upepo wa kiangazi hutoka hasa kusini-mashariki, nao ni wa kuaminika. Septemba na Oktoba, mvua zinapokaribia, huanza kuyumba, na visulisuli huzunguka juu ya mbuga zilizoungua. Siku hizo mjomba aliona heri atengeneze paa la nyumba. Watu wa pwani, kwa ajili ya mashua zao, wana majina mawili mazuri ambayo sisi wa bara tungeyaazima: upande unaotoka upepo huita joshini, na upande unaokwenda upepo huita demanini. Mwindaji hukaa demanini mwa swala. Asiyejua neno hilo na ajue jambo lenyewe: upepo ukupige usoni.

Hilo ni rahisi kusema. Kazi iko katika mabonde. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, baridi ya usiku huteremka polepole kutoka mwinukoni kwenda mbugani, kama maji yasiyoonekana. Mwindaji anayeshuka kutoka juu saa ile humtangulizia swala habari zake. Mjomba alikuwa akizunguka mbali, pengine nusu saa nzima au zaidi, ili awajie kutoka chini. Jua likisha kuipasha nchi moto, hewa hugeuka na kupanda. Hapo yafaa kuwa juu yao. Na jioni hewa huanza tena kushuka: huo ndio ule ubaridi tulioupata kisogoni chini ya mti. Mjomba alikuwa amejua kwamba utakuja, lakini alihesabu kwamba atamaliza kazi kabla. Kati ya nyakati hizo kuna muda mbaya ambapo upepo haujui uende wapi. Muda huo alikuwa akikaa kivulini, akila muhogo mbichi, akingoja. Tulipomwuliza kwa nini tusijaribu, alijibu kwamba swala aliyekunusa leo atakukumbuka kesho, lakini swala asiyekunusa leo bado ni wako.

Kwa hiyo alitikisa soksi yake kila baada ya hatua chache, hasa alipofika penye kichuguu kikubwa, ukingo wa msitu, au kona ya kijito, kwa maana vitu hivyo hupinda upepo. Vichuguu vyetu vya Katanga, ambavyo vingine ni virefu kuliko nyumba, humpa mwindaji mahali pa kutazamia. Lakini upepo huvizunguka pande mbili na kukutana nyuma yake, na aliyejificha hapo hajui harufu yake imetoka kwa mlango upi.

Sasa mwili wenyewe. Usiku wa kuamkia safari mjomba alikuwa akikoga mtoni bila sabuni, akijisugua kwa mchanga. Nguo zake za kuwindia hazikulala ndani ya nyumba. Zilitundikwa juu ya mti, mbali na jiko, mbali na mbuzi, mbali na taa. Hakuvuta tumbako siku ile. Kuhusu lutuku alisema kwamba mtu aliyekunywa usiku ananuka mpaka adhuhuri, nasi tuliowahi kupanda garimoshi karibu na mtu wa namna hiyo hatutabisha. Siku hizi tungeongeza petroli: vijana wengi huenda kwa pikipiki mpaka ukingo wa pori, nao huingia na mikono iliyoshika tangi. Porini hakukojoa karibu na mapito ya wanyama wala penye maji yao, wala hakutembea juu ya njia yao yenyewe, bali kando yake, kwa maana wayo wa mtu huacha harufu ardhini, na swala aifikiaye husimama hapo kama aliyekuta ukuta.

Wako wanaofukiza nguo zao kwa moshi wa kuni. Twaona yafaa kidogo. Wakati wa kiangazi pori lote lanuka moshi, hivyo moshi si habari mpya kwa swala. Wako wanaojisugua kwa majani yenye harufu kali. Wako pia wanaojipaka kinyesi kibichi cha mnyama. Hao mjomba aliwacheka sana. «Swala si mjinga,» alisema. «Atasikia harufu ya mtu aliyejipaka mavi.» Na neno hilo ni la akili, kwa kuwa pua nzuri hutenga harufu moja na nyingine, kama vile mama jikoni anavyojua kwamba mchuzi una chumvi na una kitunguu pia.

Wazee walikuwa na miiko mingi kabla ya kuwinda: mwindaji alale peke yake, asishike vitu fulani, asipokelewe na watu njiani. Mingine ilihusu mizimu, nasi tunaiacha. Mingine, twadhani, ilikuwa elimu ya pua iliyovikwa nguo ya mwiko. Kwetu Buluba uwindaji haukuwa kazi ya ovyo. Wazee husimulia kwamba Mbidi Kiluwe, aliyemzaa Kalala Ilunga, alifika nchi hii kutoka mashariki akiwa mwindaji, na ufalme ukatoka kwake. Na wanafunzi wetu wa dini watakumbuka kwamba nguo hushika harufu hata kumpoteza mzee mwenye busara: katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 27, Isaka aliyefifia macho alimnusa Yakobo akiwa amevaa mavazi ya Esau mwindaji, akadhani ndiye Esau. Rebeka alikuwa amefikiri juu ya manyoya ya mbuzi na juu ya mavazi. Sisi hatukufikiri juu ya shati.

Kuna jambo la kuchekesha. Katika Marekani wawindaji matajiri hununua nguo zilizotiwa ndani yake makala ya namna ya pekee, zilizotangazwa kwamba humeza harufu yote ya mtu. Mama zetu wa Kamina wanaouza makala barabarani wangeshangaa kusikia bei yake. Mwaka 2002 mtafiti mmoja wa huko alieleza jinsi alivyowajaribu watu waliovaa nguo hizo kwa kuwaficha na kuwatuma mbwa wawatafute. Nguo za makala hazikuwazuia mbwa kuwapata. Soksi ya mjomba haikugharimu hata franka moja.

Lakini tusimsifu mtu peke yake. Mjuzi wa kwanza wa kazi hii ni swala mwenyewe. Jike wa pongo hubeba mimba karibu miezi sita, huzaa mtoto mmoja, na kumficha vichakani. Humlamba mpaka asiwe na harufu, na mavi ya mtoto huyala, ili chui apitaye asipate habari. Kisha yeye huenda kula mbali, kwa kuwa yeye ndiye anayenuka, na hurudi kumnyonyesha. Mtoto hulala kimya siku nzima. Waweza kupita hatua tatu kutoka kwake pamoja na mbwa, usijue.

Hapo ndipo tunapoirudia waya.

Waya haina harufu, ni kweli. Ila pia haina macho. Mtu ajuaye upepo hufika hatua thelathini, na kwa hatua thelathini huona. Kwa pongo, tohe na kuro, mwenye pembe ni dume, asiye nazo ni jike. Huona tumbo lililojaa mimba, huona chuchu za anayenyonyesha, huona kama ni mzee au kijana. Apigapo, amechagua. Tanzi la waya hukamata mguu wowote unaopita: jike, mtoto, mbwa wa jirani, hata mbuzi wa kijiji. Mtegaji huweka matanzi ishirini, hukumbuka kumi na matano. Ananaswa mnyama Jumatatu, mwenye waya anakuja Alhamisi, nyama imeoza. Wengine huikata waya kwa nguvu zao na kwenda nayo, imezama mfupani. Mwaka mmoja sisi na mjomba tulimkuta nsya wa miguu mitatu, akiruka kama mtoto achezaye mchezo wa mguu mmoja. Mjomba alimwacha apite, ingawa siku ile hatukuwa na mboga.

Tuliwahi kusikia mtu akisema kwamba wawindaji wote ni sawa, wa waya na wa mshale, kwa kuwa wote huua. Hatukubali. Mtu aliyetumia siku tatu kumkaribia pongo mmoja hawezi kumaliza pongo wa nchi nzima. Mguu wake na upepo vimemwekea kipimo. Waya haina kipimo. Hufanya kazi usiku, hufanya kazi Jumapili, hufanya kazi wakati mwenyewe ni mgonjwa kitandani.

Na hapa kwetu hakuna wanyama wa kutupa. Mwaka 1939 serikali ya wakati ule iliitenga nchi ya Upemba kuwa mbuga ya taifa, na humo mtu asiwinde kabisa. Katika maziwa na mabwawa yake huishi swala wa maji ambaye wataalamu walimpa jina lake mwenyewe mwaka 2005, wakisema kwamba hapatikani mahali pengine duniani. Waliomtafuta kwa ndege katika miaka hii ya karibuni wamewaona wachache mno. Nje ya mbuga ya taifa nako kuna sheria, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, nayo humtaka mwindaji awe na kibali. Twajua kwamba wengi huiona karatasi hiyo kama hila ya kutoza fedha. Mjomba aliichukua pamoja na baruti yake, maana alisema vyote viwili havitakiwi kulowa.

Kiangazi cha mwaka 2015 tulirudi kwake. Safari hii tulikoga mtoni kwa mchanga, tukavaa kaptura kuukuu iliyolala mtini siku mbili, tukatembea nyuma yake bila kusema. Alfajiri ya siku ya kwanza alituzungusha mbali kutoka chini, upepo mwembamba ukitupiga mashavuni, majivu yakirudi kila mara juu ya mabega yetu. Tulifika mahali ambapo hatukupata kufikiri kwamba mtu aweza kufika. Tohe alikuwa akila mbele yetu. Tulisikia meno yake yakikata majani. Hakuwa na pembe. Mjomba alimtazama muda mrefu, kisha akaushusha mtutu wa gobori, akaonyesha kwa kidevu. Jike alitembea hatua chache, akainamisha kichwa, na majani yakatikisika, na mtoto akasimama chini ya tumbo lake kunyonya.

Tulikaa pale mpaka jua likapanda na hewa ikageuka. Ndipo akainua kichwa na kupiga mluzi. Mjomba alicheka kimoyomoyo, akatupiga bega: «Leo amekunusa wewe, mwalimu, lakini amechelewa.» Siku ya tatu tulipata dume.

Mjomba alifariki mwaka 2019. Soksi yake iko kwetu, ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya shule. Hiyo ndiyo tuliyomwonyesha yule mwanafunzi, tukamwambia mambo haya yote, ila kwa ufupi, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kuchota maji. Hatukumwambia amkataze kaka yake. Mtoto hamkatazi mkubwa wake. Tulimwambia tu amwombe aende naye tena mara moja, bila waya, na achukue majivu.

Jumamosi asubuhi alifika nyumbani kwetu. Kaka yake alisimama nyuma, karibu na mwembe, asitake kukaribia. Mtoto alitoa mfukoni soksi ya shule iliyofungwa kwa uzi. Alipoitikisa, majivu yalianguka chini kwa mkupuo, yasipeperuke hata kidogo: yalikuwa majivu ya jikoni, yenye mafuta na vipande vya makala. Tulimletea chekecheke la unga, tukamwonyesha jinsi ya kuyachekecha mara mbili na kuyaanika juani mpaka yawe mepesi kama poda. Yule kaka alitazama toka kwenye mwembe. Kisha alisogea hatua mbili, akauliza majivu ya mti gani yafaa zaidi.